Mbwa Mchungaji na Mashindano: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Maagizo haya ni ya mtu aliyekwisha kuamua. Kama bado unajiuliza iwapo Border Collie atakufaa katika nyumba ambayo watu wote hushinda kazini, jibu ni hapana, na unaweza kuishia hapa.

Waliobaki waelewe jambo moja kwanza. Mbwa huyu ni kazi ya mikono ya wachungaji wa mpakani mwa England na Scotland, vizazi kwa vizazi, na hazaliwi mtupu. Huja duniani na hamu ya kukizunguka chochote kinachokimbia, kukikodolea macho na kukirudisha kwa bwana wake. Hamu hiyo hakuna mwalimu awezaye kuitia mahali isipokuwepo, wala hakuna haja ya kuichochea mahali ilipo. Mbwa wengi wazuri ninaowaona wakiharibika wameharibiwa na watu waliotumia mwaka mzima wa kwanza kuwapandisha mori, na hawakutenga hata wiki moja ya kuwafundisha kutulia.

KABLA HUJATOA PESA

Usichague kwa rangi ya manyoya, wala kwa jicho la buluu, wala kwa sababu mtoto mmoja "amekuchagua" kwa kukukimbilia miguuni. Huyo mara nyingi ni yule aliyetangulia kuamka tu.

Nenda ukawatazame wazazi wakiwa kazini, si wakiwa wamejilaza sebuleni. Karibu kila Border Collie wa leo ana damu ya Old Hemp, aliyezaliwa 1893 kwa mkulima Adam Telfer huko Northumberland. Baba yake, Roy, alikuwa mchangamfu asiye na ukali wa jicho, yaani ule mkazo wa kuwakodolea kondoo macho. Mama yake, Meg, alikuwa na jicho kali na haya nyingi. Hemp akatoka mtulivu, mwenye uwezo mkubwa juu ya kondoo bila kelele. Uchanganyaji wa namna hiyo hufanywa na mtu anayezijua tabia za mbwa wote wawili kutoka malishoni. Muuzaji asiyeweza kukuambia mama wa watoto ana udhaifu gani hamjui mbwa wake, au anakuficha. Yote mawili ni sababu ya kurudi nyumbani mikono mitupu.

Dai karatasi za vipimo: nyonga zilizopigwa picha, macho yaliyokaguliwa, na vinasaba vya magonjwa yanayojulikana katika uzao huu, hasa ile kasoro ya macho inayowapata mbwa wa jamii ya Collie na ule upungufu wa chembe nyeupe za damu unaowaua watoto mapema. Mbwa mwenye nakala moja tu ya kasoro haugui, lakini akizalishwa na mwenzake aliye vivyo hivyo, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne ataugua. Usikubali kuambiwa kwamba "babu yake hakuwahi kuugua."

Usichukue watoto wawili wa tumbo moja kwa mpigo. Watasikilizana wao kwa wao, na wewe utakuwa mpishi wao.

Usimchukue kabla hajatimiza wiki 8. England, mfugaji mwenye leseni hata haruhusiwi kumuuza kabla ya umri huo.

MIEZI YA KWANZA

Usingoje chanjo zote zikamilike ndipo umwonyeshe dunia. Dirisha la mbwa kuzoea vitu vigeni bila hofu hufunguka akiwa na wiki 3 hivi na kuanza kufungwa baada ya wiki 12, na ratiba ya chanjo haiwezi kulisubiri. Mbebe mikononi. Mkalishe ndani ya gari karibu na soko, kituo cha mabasi, uwanja wa shule. Asikie spika, asikie pikipiki, aone mtu mwenye mwavuli na mtu mwenye magongo. Asikanyage tu mahali ambapo mbwa wasiojulikana hujisaidia, kwa maana virusi vya parvo hukaa ardhini muda mrefu.

Kuona watu si lazima kushikwashikwa na watu. Mbwa wa mashindano hahitaji kumpenda kila mpita njia, anahitaji kumpuuza. Na marufuku kumrukia mtu yeyote, hata anayecheka na kusema hajali. Ukiwa na jirani anayetoka na kanzu safi kwenda kuswali, mate ya mbwa wako kwenye kanzu hiyo si jambo la kuchekea, na heshima mtaani ikishavunjika hairudishwi na kikombe.

Mfundishe kulala. Ningeruhusiwa kuandika agizo moja tu, ningeandika hili. Mtoto wa mbwa hulala sehemu kubwa ya siku, lakini mtoto wa mbwa mchungaji hajui kwamba amechoka. Jioni utamwona anang'ata suruali, anazunguka meza, anabwekea ukuta. Mwenye nyumba asiyejua husema, "Nguvu bado zimemjaa," anamtoa nje kukimbia tena. Kesho yake mbwa anataka zaidi, na mwili wake unazidi kujenga pumzi ya kuhimili fujo hiyo. Baada ya miezi michache una mwanariadha asiyejua kukaa chini. Fanya kinyume. Mweke kwenye kizimba kilichofunikwa nusu, mahali penye kivuli na kimya, mpe kitu cha kutafuna, uondoke. Akilia kidogo, mwache alie. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Ila hakikisha kwanza amekojoa, ameshiba, na hajafungiwa humo kutwa nzima kwa sababu wewe una kazi zako. Kizimba ni kitanda, na anayekitumia kama jela atamlea mfungwa.

Siku ya mashindano mbwa hukimbia kwenye uwanja wa viunzi kwa sekunde kadhaa, au kwa kondoo dakika kumi na kitu, na saa zote zilizobaki anasubiri. Anayesubiri akiwa amelala huingia na nguvu zake zote. Anayesubiri akipiga kelele garini huingia akiwa amekwisha kujitumia.

Usimrushie mpira. Najua wote wanafanya hivyo. Mpira unaorushwa mara hamsini kwenye nyasi humfundisha mbwa huyu mambo matatu, yote mabaya: kutazama mkono wako badala yako, kuamini kwamba kila kinachotembea ni cha kukimbizwa bila ruhusa, na kufunga breki kwa mabega huku mwili ukipinda. Mvutishe kitambaa mkicheza pamoja, akiachie unapomwambia aachie, kisha mwanze upya. Kitambaa kina mtu upande wa pili, mpira hauna.

Kalamu ya leza usimwonyeshe kamwe. Wala usicheke anapofukuza kivuli au mwanga unaomulika ukutani. Wapo Border Collie wanaomaliza maisha yao wakitazama sakafu wakisubiri nuru irudi, na ugonjwa huo wa akili mara nyingi ulianza kama burudani ya wageni.

Mwite mara moja. Chaser, Border Collie wa John Pilley huko Marekani, alijifunza majina ya vitu zaidi ya 1,000, na utafiti juu yake ulichapishwa 2011. Mnyama wa aina hiyo akisikia jina lake mara sita bila kuja, hajasahau. Ameshajifunza kwamba jina ni kelele ya kawaida. Mfunge kamba ndefu, mwite, na asipokuja, mvute taratibu bila hasira. Akija, mlipe: kipande cha nyama, si maneno matupu. Usimwite ili umfunge, umwogeshe au umgombeze. Kwa mambo hayo mfuate mwenyewe.

Asichunge watoto, baiskeli wala magari. Si "silka tu." Gari halina huruma na silka.

MIFUPA

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hawakuwa wakizungumzia mwili wa mtoto wa mbwa, kwa kuwa huo, kwa ubichi wake, ndio usiokunjwa. Ncha za mifupa yake zina tabaka laini ambako urefu huongezeka, na kwa mbwa wa ukubwa huu tabaka hizo hazijafunga kabisa kabla ya mwaka mmoja na zaidi. Jeraha hapo huweza kupindisha mguu maisha yote. Kwa hiyo:

Usimrushe viunzi vya urefu wa mashindano kabla hajakomaa. Ubao ulale chini, avuke kwa kutembea.

Usimzoeze ile safu ya vijiti anayopaswa kuipenya kwa kupindapinda. Katika kanuni za shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, vijiti ni 12, vikiachana sentimita 60, na kila kijiti kinampinda uti wa mgongo na kumtegemeza begani. Hilo ni zoezi la mbwa mzima.

Usimkimbize kando ya baiskeli. Usimruhusu aruke kutoka nyuma ya gari la mizigo. Mbebe, hata kama mgongo wako unalalamika.

Yapo mengi ya kufanya mwaka huo. Mfundishe kujua kwamba ana miguu ya nyuma: atembee kinyumenyume, apande kigoda kwa miguu miwili na kukizunguka, avuke ngazi iliyolazwa majanini bila kugusa vipago. Asimame kwenye ubao unaotikisika, ili pembea ya mashindanoni isije kumtisha baadaye. Afuate bega lako la kulia, kisha la kushoto, mkitembea, mkikimbia, mkigeuka. Mtu wa pembeni ataona hufanyi lolote. Mwache aone hivyo.

Mwache awe mwembamba. Mbavu zipatikane kwa vidole bila kuzitafuta. Tafiti juu ya majeraha ya mbwa wa agiliti, yaani mashindano ya kuruka viunzi, zimeonyesha kwamba bega ndilo linaloumia zaidi, na kwamba Border Collie huumia kuliko wengi. Kila gramu ya mafuta inatua hapo.

Piga picha za nyonga na mabega kabla ya kuanza kuruka kwa dhati. Uingereza na katika FCI mbwa haruhusiwi kushindana agiliti kabla ya miezi 18. Usiuchukulie umri huo kama tarehe ya mwisho unayokimbizana nayo.

Hapa niwaase wasomaji wa Nairobi, Arusha na kwingineko kwetu ambako dawa za mifugo hukaa kwenye rafu moja na dawa za mbwa. Usimchome mbwa wa jamii ya Collie ivamektini ya ng'ombe kwa ajili ya kupe au upele. Wengi wa jamii hiyo, hasa Collie wenye manyoya marefu na Australian Shepherd, wana hitilafu ya kinasaba inayoiacha dawa hiyo ipenye kwenye ubongo. Kwa Border Collie hitilafu hiyo ni nadra, lakini nadra haimaanishi haipo, na kipimo kipo. Asile pia kinyesi cha kondoo au farasi waliopewa dawa ya minyoo. Mwulize daktari wa mifugo, usimwulize muuza duka.

KONDOO

Usimpeleke kwa kondoo "ili tuone." England na Wales, sheria ya 1953 inamfanya mwenye mbwa anayesumbua mifugo shambani kuwa mkosaji, na mkulima anayempiga risasi mbwa huyo ili kuokoa kondoo wake anaweza kuwa na utetezi wa kisheria. Mbwa mchanga aliyewahi kuwatawanya kondoo akiwa peke yake amekwisha kupata somo lake la kwanza, na ni somo utakalolipigania miaka.

Subiri hadi aweze kuwapita kondoo kwa mbio. Hiyo ndiyo sababu ya kungoja miezi 8, 10, wengine 12. Asipoweza kufika mbele yao atawafukuza kwa nyuma, na kufukuza ni kutamu. Tena mbwa wa miezi 5 anayepigwa kichwa na kondoo jike mwenye mwana anaweza asitake kuwakaribia tena. Anza na kondoo wachache waliozoea mbwa, wasiokimbilia uzio wala kusimama wakapigana, kwenye eneo dogo lisilo na pembe.

Simama upande mmoja wa kundi umwache mbwa aende upande wa pili. Wewe ukisogea kushoto, yeye atasogea ili kondoo wabaki katikati yenu. Hujamfundisha hilo, ni lake. Unachofanya ni kulitaja likitokea. Anapozunguka kwa mwendo wa mishale ya saa, wachungaji wa Uingereza husema come-bye. Akizunguka kinyume chake, away. Unaweza kusema kwa Kiswahili, kwa Kimaasai au kwa filimbi. Mbwa hana pasipoti. Usichoruhusiwa ni kubadilisha neno katikati ya njia.

Neno la kusimama litangulie yote, na lifundishwe mbali na kondoo. Ukimwambia alale akakusogelea hatua tatu ndipo akalala, amekufundisha wewe. Mrudishe pale pale.

Usipige kelele. Mbwa anasikia kuliko wewe, na sauti kubwa humpandisha mori uo huo unaotaka kuushusha. Usimwache ang'ate mguu wa kondoo kwa hofu yake mwenyewe. Mara nyingi anayeng'ata ni mbwa aliyesukumwa karibu mno na haraka mno. Mpe nafasi zaidi, mduara mpana zaidi.

Usimfunze kwa kumfunga kamba moja na mbwa mzee. Atajifunza kumfuata mzee, na mabaya ya mzee yatakuja kwanza.

Jua alama zinatolewa vipi kabla hujaanza kuota vikombe. Katika mpangilio wa kawaida wa mashindano ya Uingereza, mzunguko mpana wa kuwaendea kondoo hubeba alama 20, kuwaondosha pale waliposimama 10, kuwaleta kwa mchungaji 20, kuwaswaga kwenda mbali naye 30, kisha kutenga na kuwatia zizini 10 kila kimoja. Jaji haongezi, anapunguza. Angalia ile 10 ya kuwaondosha: ndogo kwenye karatasi, na sekunde chache tu uwanjani. Lakini kondoo walioanzishwa kwa pupa hawamwamini mbwa tena, na watakimbia katika alama 20 za kuletwa na 30 za kuswagwa. Kwa hiyo mazoezi ya mbwa mchanga yaelemee hapo: afike nyuma yao, asimame, apumue, asogee hatua kwa hatua hadi wageuke wenyewe.

Ukisema mbwa wako bado ni mchanga, watakutajia Wiston Cap, aliyezaliwa 1963 na kutwaa ubingwa mkuu wa kimataifa wa mbwa wa kondoo 1965. Waitikie kwa adabu, kisha endelea na ratiba yako.

Acha angali anataka. Dakika chache, kondoo wametulia, neno la kumaliza, mbwa anakuja kwako, mnatoka wote. Mbwa asiyekubali kuacha kondoo hajawa tayari kupewa kondoo.

UWANJA WA VIUNZI

Agiliti ilianza 1978 kwenye maonyesho ya Crufts kama burudani ya kujaza nafasi kati ya mashindano mengine, kwa kuiga mashindano ya farasi ya kuruka viunzi. Wapo wanaoishi kana kwamba bado ni burudani. Mbwa anashuka ubao wa umbo la paa, ambao kilele chake katika FCI ni mita 1.70, anaruka ile sehemu ya chini iliyopakwa rangi ambayo lazima aikanyage, na mwenyewe anacheka kwa kuwa "amependeza." Uamuzi wako uwe mmoja: akanyage vipi, asimame wapi, aachiwe kwa neno gani. Ukishaamua, usiugeuze Jumamosi kwa sababu kuna kikombe.

Hili ndilo kosa la wengi kuliko yote. Mazoezini mbwa husubiri mstarini hadi aitwe. Kwenye mashindano anainuka kabla ya neno, na mwenye mbwa, akihofia kupoteza ada aliyolipa, anakimbia naye. Mbwa si mjinga: amejua kuna sheria za mazoezini na kuna uhuru wa mashindanoni. Akiinuka, mchukue kwa utulivu, toka uwanjani, mshukuru jaji. Ada imekwenda, mbwa amebaki.

Katika ujana atakuziba masikio. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2020, juu ya mbwa wanaoandaliwa kuwaongoza wasioona, ulionyesha kwamba wakiwa na miezi 8 hivi walipungua kumtii mlezi wao, ilhali kwa mgeni hali haikuwa hivyo. Usimuuze mwezi huo. Usimzidishie adhabu pia. Punguza uliyokuwa ukimtaka, rudi kwenye kamba ndefu, ngoja.

Usimgombeze kwa kwenda ulikomwelekeza. Vidole vya miguu yako, kifua chako na mkono wako vinazungumza kabla ya kinywa, na mara nyingi yeye ndiye aliyetii. Mtu akurekodi kwa simu; utazame kabla ya kusema neno "mkaidi."

Mpashe mwili moto kwa kumtembeza na kumgeuzageuza kabla ya kumpeleka mstarini. Kwenye joto, punguza au ahirisha. Wapo Border Collie ambao baada ya dakika chache za kazi nzito huanza kuyumba, kuburuta miguu na kupotewa, na joto huongeza hatari. Ukiona hivyo, kazi imekwisha siku hiyo: kivuli, maji mwilini, daktari. Usimpe nafasi ya "mara moja ya mwisho." Ataichukua, hata ikimuua.

Akitoka uwanjani, ashinde asishinde, mlipe kile kile ulichomwahidi, mtembeze hadi pumzi ishuke, mpe maji, mrudishe kizimbani. Video usiitazame mbele yake huku ukiguna. Makosa yaandike kwenye daftari usiku, mawili tu, na mazoezi ya kwanza yawe keshokutwa, si kesho.